Soma namba nne za ubavuni mwa tairi kabla hujatoa hata mia

Mkuu simama hapo hapo, usitume hiyo laki tatu na ishirini. Umeandika umepata tairi nne za mtumba za kufunga kwenye Datsun 240Z, ile gari ya michezo ya zamani ya Kijapani, aliyokuachia marehemu babu yako, eti "kashata bado zimesimama kama mpya" (yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara), jamaa wa Ilala anakupa kila moja 80,000 na kufunga bure, halafu ndo unauliza upepo ujaze ngapi, saizi ya upana 195 itaingia au haiingii, ringi za spoki zinahitaji tyubu au la, na zile za mstari mweupe zinapatikana wapi. Mimi nilivyofika hapo kwenye kashata nikaishia hapo hapo maana ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi, na sitashangaa kama ni mdomo ule ule.

Yangu ni 240Z pia, ya 1972. Nilivyoitoa gereji Chang'ombe nikaenda duka moja huko huko Ilala, muuzaji akanitolea tairi nne nyeusi zinang'aa, zina mpaka vile vinywele vya mpira vya tairi mpya, akaapa zilikuwa spea Japani hazijawahi kugusa lami. Nikamuuliza swali moja tu la maana siku ile, "zina muda gani?" Akacheka. "Bosi hii gari imeshinda Safari Rally, itachagua tairi leo?" Na mimi mjinga nikacheka naye. Kushinda ni kweli, 1971 Edgar Herrmann na 1973 Shekhar Mehta, wote na 240Z, ila nina uhakika hakuna aliyemfungia Mehta tairi iliyozeeka store kama dagaa wa msimu uliopita.

Sasa sikiliza. Mwezi wa pili 2022, Jumamosi, tunaenda harusi Morogoro na mama watoto, saa saba mchana jua linawaka, nipo 80 kamili maana tochi za trafiki za njia ile nazijua. Kabla hatujafika mzani wa Vigwaza nikasikia kiti kinatetemeka tr tr tr nikadhani nimepita kwenye rasta, yale matuta madogo madogo ya barabarani. Naangalia chini, hakuna rasta. Sekunde tatu nne baadaye nyuma kushoto ikalia pwaa, na sio pancha hiyo, yaani ule mkanda wote wa kashata ulibanduka kwenye tairi kama ganda la muwa, kipande kimeshikilia upande mmoja tairi bado inazunguka, kwa hiyo kila mzunguko kinaichapa bodi. Gari ikapiga waltz, ikaja kusimama pembeni pua inaangalia Dar. Yenyewe ilikuwa imeshaamua kurudi, mimi ndo nilikuwa bado.

Mke wangu akauliza tumegongwa na nani. Nikamjibu na Ilala.

Hasara nikaja kuijua kwa fundi bodi. Madigadi za mbele za hii gari zimefungwa kwa bolti, unafungua unanyoosha unarudisha. Za nyuma zimechomelewa moja kwa moja na bodi, kwa hiyo ilibidi akate, anyooshe, achomelee upya, kisha rangi ikakataa kufanana na upande mzima ukapigwa tena, weka na paipu ya breki iliyochanwa. Milioni nne na laki sita. Kwa hela hiyo ningenunua tairi mpya kabisa mara tatu na mchango wa harusi ukabaki. (Mchango nilikuwa nimeshatoa, pilau sikula.)

Kile kipande cha kashata nilikiokota barabarani, na kilichoniuma zaidi ni kwamba bado kilikuwa na vinywele! Nikalala chini ya gari kuangalia tairi kwa ndani, nikafuta vumbi kwa kidole, nikakuta herufi DOT, mlolongo wa herufi na namba, mwisho kuna kijisanduku kimeandikwa 0908. Maana yake wiki ya 9 ya mwaka 2008. Tairi ya miaka 14, ina vinywele. Ukikuta namba tatu badala ya nne basi hiyo ni ya kabla ya 2000, hiyo waachie watoto wakajengee bembea. Na shika hili, tarehe mara nyingi inaandikwa ubavu mmoja tu, kwa hiyo fundi anaweza kuigeuzia ndani na wewe nje unaona jina la kampuni na weusi wa rangi tu. Wangu aligeuza zote nne. Bahati mbaya mara nne, eti.

Mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Ndani ya tairi kuna dawa za kuzuia mpira usipasuke na hewa na jua, na hizo zinapanda juu tairi inapokunjwakunjwa ikitembea, sasa iliyokaa miaka store haikunjwi, inakauka tu. Watengenezaji wengi wenyewe wanasema ikishapita miaka mitano ikaguliwe kila mwaka na ikifika kumi kutoka ilipotengenezwa itolewe hata kama kashata zimejaa. Na gari zetu hizi ni za Jumapili mkuu, kashata hazitakaa ziishe, tairi itakufa kwa umri huku inang'aa. Kwa hiyo mtu akikusifia kashata kwenye gari kama hii anakusifia kitu ambacho hakina kazi. Angalau tairi kipara unaiona.

Upepo, psi 28 mbele na nyuma, ndo kitabu cha gari kinavyosema, asubuhi tairi ikiwa ya baridi kabla hujaitembeza. Mafundi pancha wetu wanajaza 40 kila kitu, kirikuu 40, Noah 40, Datsun 40, inadunda kama mpira wa kitenesi. Na usije ukapunguza mchana baada ya kutembea kwa sababu geji imepanda, lazima ipande, ukipunguza asubuhi utakuta uko chini. Nunua geji yako, usiamini ya mtu.

195/70 R14, ile saizi ya Noah old model, inakaa vizuri kama ringi ni za inchi 5 na kuendelea kwa upana. Ringi za kiwanda ni 4.5, hapo baki na 175 yake ya zamani yenye H (alama ya mwendo inaohimili) au chukua 185/70, spidomita itadanganya kidogo, itasoma zaidi ya unavyokwenda, trafiki hawatalalamika.

Ila hayo yote baadaye. Kesho nenda Ilala na tochi, geuza tairi moja moja, piga picha hizo namba nne za mwisho uziweke hapa. Akikwambia zimefutika, au ziko ndani na ameshafunga, mwambie afungue, si alisema kufunga ni bure. Hela yako ikae kwenye simu mpaka nione hizo picha.