Jipu la taya kwa sungura: weka wembe chini

Swali: Daktari, sungura wangu wa miaka mitatu ana uvimbe mgumu chini ya taya. Tuliupasua kwa wembe uliochemshwa, ukatoka usaha mweupe mzito, tukaosha kwa maji ya chumvi. Wiki mbili baadaye umerudi, tena mkubwa zaidi. Muuza dawa anasema nifungue kapsuli ya amoksilini nimtilie kwenye maji. Nitie kiasi gani?

Jibu: Usitie hata chembe. Nitalirudia hilo, kwanza huo wembe.

Usaha wa sungura hautiririki kama wa mbwa au wa binadamu. Chembe zake nyeupe za damu zina upungufu wa vimeng'enya vya kuuyeyusha, ndiyo maana hutoka mzito kama dawa ya meno. Ukipasua na kukamua, unatoa kilichomo na kuacha ukuta mnene uliokizunguka, na bakteria wamejificha humohumo ukutani. Ngozi inafunga, mfuko unajaa upya. Kila mwezi naletewa sungura waliopasuliwa hivi mara mbili tatu, na kila mara jipu limezama zaidi. Linalotakiwa ni kuling'oa zima na ukuta wake, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Likiwa limeng'ang'ania mfupa, huachwa wazi, kingo zake zikashonewa kwenye ngozi, likasafishwa kila siku mpaka lipone kuanzia chini kuja juu.

Hata hivyo, upasuaji bila kujua chanzo ni kazi bure. Uvimbe chini ya taya mimi nauhesabu kuwa ni wa mzizi wa jino mpaka picha inikatalie. Meno ya sungura hukua maisha yake yote. Asipotafuna nyasi za kutosha, magego hayaliki, yanarefuka, na mizizi inasukumwa chini hadi inatoboa mfupa. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa taya: ukikuta vinundu, au kidevu kimelowa mate, au anaziacha nyasi na kuchagua vyakula laini, umeshapata fununu. Kumtazama meno ya mbele hakutoshi. Apigwe eksirei ya kichwa, na si ya upande mmoja tu.

Majipu ya sehemu nyingine yana visa vyake: mgongoni na kwenye korodani mara nyingi ni kung'atwa na mwenzake, kwenye nyayo ni sakafu ya waya au matandiko yenye mkojo.

Watu hukimbilia kusema ni pasturela, bakteria anayejulikana sana kwa sungura. Inawezekana, lakini majipu ya meno kwa kawaida yana bakteria wasiotaka hewa, kama fusobakteriamu, na enrofloksasini, dawa ya bakteria inayoandikwa kwa mazoea, haiwawezi hao. Mwombe daktari apeleke maabara kipande cha ukuta wa jipu, kwa sababu usaha wa katikati mara nyingi hauoteshi kitu, na aombe kioteshwe pia pasipo hewa.

Sasa amoksilini. Kwa mdomo, dawa za jamii ya penisilini, pamoja na linkomisini na klindamisini, huua bakteria wema wa utumbo wa sungura. Nafasi yao inachukuliwa na klostridiamu wenye sumu; anaharisha na anaweza kufa ndani ya siku chache. Penisilini yenyewe tunaitumia, lakini kwa sindano chini ya ngozi. Muuza dawa asiyejua tofauti hiyo hana ruhusa ya kumgusa sungura, hata kama kuku na mbuzi wa mtaa mzima wamepona mikononi mwake. Na dawa ya kutia kwenye maji ni kubahatisha tu, maana mgonjwa hanywi kama mzima.

Kama ulishampa, acha leo na umweleze daktari ni dawa gani na lini. Hesabu kinyesi chake. Kikipungua au kikilainika, au akipitisha muda wa saa 12 bila kula, mpeleke hapohapo, hata kama ni usiku.