Asilimia iliyo pembeni ya swali la GRE

Nilipokuwa najiandaa na GRE, mtihani wa kuombea nafasi ya masomo ya uzamili, nilikuwa na tabia moja ya kijinga. Nikifungua programu ya mazoezi, kabla sijasoma swali nachungulia ile asilimia pembeni, inayoonyesha waliolijibu wangapi wamelipata. Ikiwa ndogo, hilo ndilo nalivamia. Nikilipata, siku hiyo nalala bingwa. Yale yaliyopatwa na wengi nikayaona ya watoto, nikayaruka.

Nikaja kufanya mtihani kamili wa majaribio. Uliponirudishia matokeo, niliyoyakosa zaidi ni hayohayo ya watoto.

Na GRE haina huruma hapo. Ndani ya sehemu moja kila swali lina uzito uleule; gumu halikuongezei kitu. Tena Hesabu inaanza na maswali 12 kwa dakika 21, na unavyoyafanya hayo ndivyo inavyopangwa sehemu ya pili, ya maswali 15, iwe ngumu au nyepesi. Ukichezea mepesi mwanzoni umejifungia mlango mwenyewe.

Asilimia yenyewe inahitaji kusomwa kwa akili. Inakueleza habari za waliojibu kabla ya kukueleza habari za swali. Swali la mwanzo wa programu hujibiwa na kila mtu, hata aliyekata tamaa wiki ya kwanza. La mwishoni hufikiwa na wachache waliokaza, kwa hiyo linaweza kuonekana rahisi wakati si rahisi hata kidogo. Kuna na wanaolirudia swali wakiwa wanalijua jibu. Na kama waliojibu ni kumi na tano tu, achana nayo.

Kinachofaa kutazamwa, kama programu yako inakionyesha, ni watu wamegawanyikaje kwenye majibu yote. Chukua hili la kulinganisha: Kiasi A ni x², Kiasi B ni x. Kipi kikubwa? Hujaambiwa lolote kuhusu x. Mkono unakimbilia A, maana kichwani umeweka 3, ukapata 9. Weka nusu: unapata robo, B imekuwa kubwa. Weka 1, zimelingana. Jibu ni D, haiwezi kujulikana. Maswali ya aina hii yana majibu manne, kwa hiyo hata anayebahatisha hupata robo. Ukiona waliopata hawafiki robo, jua kuna jibu moja la uongo lililowavuta watu, na hapo kilichowaponza ni mtego, mada yenyewe huenda wanaijua vizuri tu.

Siku hizi nasolvu kwanza, asilimia naifunika kwa kidole. Nikikosa ndipo naiangalia. Nimekosa pamoja na wengi kwenye jibu lilelile? Naandika mtego kwenye daftari. Nimekosa lililopatwa na karibu kila mtu? Narudi kwenye mada, bila kujitetea eti nilikuwa na haraka.

Hilo la x² limo daftarini mara mbili.