Sonona na kumbukumbu: maswali yenu wiki hii

Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu. Nasoma ukurasa mara tatu, nikifunga kitabu sikumbuki kitu. Nyumbani wananiambia niache kuwaza. Je, akili yangu inaharibika?

Marahaba mwalimu, na pole sana. Haiharibiki. Jambo lisiloingia vizuri kichwani haliwezi kukumbukwa, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, huzuia palepale mlangoni: mawazo yaleyale huzunguka mchana kutwa, ukurasa ukakosa nafasi. Ndiyo maana katika maswali tisa ambayo wahudumu wa afya hutumia kupima sonona, moja huuliza kama unashindwa kutuliza akili, kwa mfano unaposoma gazeti. Ikiwa umekuwa hivi wiki mbili au zaidi, na una huzuni au umekosa hamu, nenda kituo cha afya. Na hao wa nyumbani waambie kwamba "acha kuwaza" si tiba. Kauli hiyo imewanyamazisha wagonjwa wengi mno.

Mbona ya aibu nayakumbuka yote, ya furaha hayaji?

Moyo wenye huzuni huokota upesi yanayofanana nao. Tena kumbukumbu zenyewe hupoteza undani. Mwaka 1986 watafiti wa Uingereza, Williams na Broadbent, waliwaomba watu waliokuwa wamejaribu kujiua wakumbuke tukio moja mahususi. Mara nyingi walijibu kwa ujumla tu. Ni kama kusema "zamani tulikuwa tunakwenda shamba", bila ile Jumamosi mvua ilipowakuta njiani. Kaa na mtu unayemwamini, mkumbuke pamoja siku moja mahususi kama hiyo: nani alikuwepo, alisema nini, mlikula nini. Mwanzoni ni kazi ngumu, usikate tamaa. Na kama wazo la kujiua linakujia, mwambie mtu leo, kisha mwende hospitali pamoja.

Mama ana miaka 71, anasahau sana tangu baba afariki. Ni uzee?

Msimwachie uzee lawama. Sonona ya wazee hufanana na ugonjwa wa kusahau, ila mara nyingi mwenye sonona hulalamika mwenyewe kwamba anasahau. Mpelekeni apimwe, pamoja na tezi ya shingo na vitamini B12.

Nina wiki mbili kwenye amitriptyline, dawa ya sonona, bado nasahau.

Ni mapema, dawa hizi huhitaji wiki kadhaa, na umakini huweza kuchelewa kurudi hata huzuni ikipungua. Lakini amitriptyline yenyewe huweza kuleta usingizi na kuvuruga kumbukumbu. Mweleze aliyekuandikia, pengine atabadilisha dozi au dawa. Usiiache ghafla.