Usimfungie ndani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mwenzako unayekaa naye, anayekunywa kila siku tangu mlipomaliza chuo, ameamua kuacha pombe Ijumaa, na amekuomba umfungie chumbani hadi Jumatatu. Unaniuliza kama ni kweli kuacha ghafla kunaweza kuua, au ni kisingizio cha walevi.

Ni kweli. Usimfungie.

Baba yako mdogo tulimfungia. Ulikuwa hujazaliwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba, nasi tukadhani ndio upendo. Asubuhi alilowa jasho, mikono inatetemeka hata kikombe hakishikiki. Tukasema pombe inamtoka. Usiku wa pili tukasikia kishindo. Tulimkuta sakafuni amekakamaa, ulimi ameung'ata. Alipona. Lakini mpaka leo nikikumbuka kishindo kile huwaza, je, kama tungekuwa tumelala fofofo?

Daktari alinieleza baadaye. Pombe hutuliza ubongo kupita kiasi. Ikija kila siku, ubongo nao hujikaza upande wa pili: hupunguza nguvu ya kemikali zake za kutuliza, huongeza zile za kuamsha. Ni kama mtu abebaye ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Kiwiliwili huegemea upande usio na ndoo. Mpokonye ghafla, ataanguka kule alikoegemea. Ndiyo maana kutetemeka huanza saa chache tu baada ya kinywaji cha mwisho, degedege huweza kuja ndani ya saa 48, na kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huweweseka, huona wadudu ukutani, joto likapanda na moyo ukaenda mbio. Hapo ndipo watu hufa. Na anayezimua asubuhi, usimwite mroho. Anaitafuta ndoo yake.

Watu huogopa zaidi heroini. Arosto yake inatesa, mtu hutapika, huharisha, mifupa humuuma, ila kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra yenyewe kumuua. Hatari yake huja baadaye: akishakaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili umepoteza uzoefu, kisha akarudia kipimo chake cha zamani, pumzi hukata.

Sasa huyo mwenzako. Mpeleke kwa daktari kabla ya Ijumaa, na aseme ukweli wa anachokunywa kwa siku, asipunguze kwa aibu. Mara nyingi hupewa dawa kama diazepamu, ishike nafasi ya pombe na ipunguzwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1. Wanywaji wa muda mrefu huishiwa nayo, na upungufu wake huweza kuharibu kumbukumbu kabisa. Mpaka aonwe na daktari, asikate ghafla. Najua unashangaa kuyasoma haya kutoka kwangu, mimi niliyekukataza hata kuonja, lakini ndivyo ilivyo.

Akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, ita gari la wagonjwa. Akianza kuweweseka, usingoje kukuche.

Mwambie nimefurahi sana kwamba anataka kuacha. Nitakupigia Alhamisi jioni, unieleze daktari amesema nini.

Baba yako