Sapulaya aone oda yake, bei ya mwenzake asiione

SWALI: Dada, habari ya kazi. Mimi ni msimamizi wa saiti hapa Kisumu, tunajenga nyumba za kupangisha upande wa Mamboleo na kazi yote tumeiweka Trello (app ya kupangia kazi, bodi ndiyo ukurasa wa mradi na kadi ndiyo kila kazi ndani yake), yaani oda, michoro, kotesheni, hadi picha za vitambulisho vya mafundi. Sasa nina sapulaya watatu, wa vyuma, wa madirisha pale Kibuye na wa taili kutoka Nakuru, na simu haziishi, "bosi nilete lini?" Wiki jana lori la taili limepitia Kericho usiku likafika saiti na plasta bado haijapigwa, mzigo ukalala nje chini ya turubai. Nataka wajionee tarehe wenyewe lakini mdosi anaogopa wataona bei za wenzao. Nilikuwa nafikiria niwape tu paswadi yangu niwaambie yale mengine wasifungue. Nifanyeje?
Msimamizi, Kisumu

JIBU: Kaka, pole kwa hiyo ya taili. Lakini paswadi usimpe mtu, tafadhali. Akiingia na akaunti yako yeye ndiye wewe, akifuta kadi itaonyesha ni wewe umefuta, na siku mmekosana na mmoja huwezi kumfungia peke yake, itabidi ubadilishe paswadi na wote watatu wabaki nje.

Kitu wengi hawajui ni kwamba Trello haifichi kadi moja ndani ya bodi. Ukishamwalika mtu kwenye bodi anaona kadi zote, komenti zote, picha zote, hata zile za miezi iliyopita. Mimi hii imenichoma. Nilikuwa nasimamia kazi fulani Nakuru nikamwalika sapulaya wa rangi kwenye bodi yetu, nikadhani nimeisafisha, kumbe kwenye kadi moja ya zamani kulikuwa na picha ya kotesheni ya mshindani wake. Kesho yake asubuhi akanipigia na bei mpya, shilingi 20 tu chini ya ile kwa kila kopo, na yule mwingine alipojua hakutuuzia tena kwa mkopo. Mdosi wako ana haki ya kuogopa.

Kwa hivyo kila sapulaya mfungulie bodi yake, mpya kabisa, usikopi ile ya zamani ukaanza kufutafuta. Iweke private, halafu umwalike kwa imeli yake kwenye hiyo bodi moja tu, si kwenye workspace (eneo la kampuni lenye bodi zenu zote), maana akiingia workspace anaona kila bodi ambayo hukuifunga. Kwenye setingi weka kwamba ni admini tu anayeongeza watu, la sivyo atamleta dereva, dereva amlete turnboi. Na public usiiguse, bodi ya public hata Google inaweza kuionyesha.

Ndani weka kile anachohitaji kuleta mzigo na basi. Kwa wa vyuma kadi iandike D12 (chuma cha milimita 12), vipande 80, geti la nyuma, Alhamisi kabla ya saa nne, na yeye akishusha apige picha ya noti ya deliveri iliyosainiwa aiweke hapo hapo. Bei ibaki kwenye LPO (ile karatasi rasmi ya oda) na kwenye bodi yenu ya ndani, ambapo unapesti tu linki ya kadi yake ili usitafute mara mbili. Ni kazi ya ziada, nakubali, tarehe ikisonga lazima ubadilishe pande zote mbili, lakini ukiizembea ndio lori linakuja tena kabla ya plasta.

Trello ya bure tangu 2024 inaruhusu watu 10 kwa workspace na wageni wanahesabiwa, kwa hivyo angalia mko wangapi. Asana, app nyingine ya kazi kama hii, yenyewe unaweza kumwongeza mgeni kwenye taski moja akaona hiyo tu. Google Sheets usiitegemee kwa kuficha tab, mwenye ruhusa ya kuedit anaifichua mara moja.

Zile picha za vitambulisho zitoe leo hata kabla ya kualika mtu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakubana wewe na mdosi, na mafundi hawakuwapa ili sapulaya wazione. Na wa madirisha akishafunga la mwisho akalipwa, mtoe kwenye bodi siku hiyo hiyo.