Moshi wa daladala si vumbi la kawaida

Dada umeuliza kama moshi wa daladala pale Darajani, mjini Unguja, si sawa tu na vumbi la njiani, hapana mwaya, si sawa kabisa. Vumbi kubwa kubwa pua inalizuia, unapiga chafya limetoka. Tatizo zile chembe zilo chini ya maikromita 2.5 (maikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), unene wa unywele wa kichwa ni kama 70, kwa hiyo hizi zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na nyengine ndogo zaidi zinaingia hata kwenye damu.

Ndani yake mna masizi ya dizeli, salfeti na naitreti (chumvi zinazotokana na gesi za moshi), na madini kama chuma na shaba, mengine yanatoka kwenye breki zikisagika. Hiyo shaba na chuma ndo hasa tatizo, yakifika kwenye mapafu yanachochea ile oksijeni kali inayounguza seli, mwili unatumia vitamini C na glutathaioni yake (kinga ya asili ya seli) kuizima, akiba ikipungua mapafu yanaanza kuvimba, pumu inapanda na moyo nao unaumia. Chumvi ya bahari nayo imo kwenye hewa yetu lakini haina ukali huo.

Huyo mwanao mwenye pumu usimsimamishe karibu na ekzosi, wala wanapochoma taka, nakuomba sana.