Nilistaafu na miaka 46 nikahamia Liwale: weka bajeti ya njia

Juzi kijana mmoja kanitumia ujumbe: "Kaka shikamoo. Nina miaka 41, nina milioni 18 benki, mjini nimechoka. Nataka nifanye kama wewe." Niliusoma nikiwa nimesimama juu ya kichuguu, maana hapa kwangu mtandao unashika pale tu, nikacheka peke yangu. Nami nilikuja na milioni 22 na majibu yote kichwani.

Nilikuwa mhasibu wa kampuni ya usafirishaji Dar kwa miaka 19. Mwaka 2019 nikaandika barua ya kuacha kazi. Wengi wenu mnadhani ukiondoka mapema NSSF, ule mfuko wa pensheni, watakutazama kwa huruma. Hakuna. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60, na uwe umechangiwa miezi isiyopungua 180 ndipo uitwe mwenye pensheni. Lile fao la kukosa ajira halimhusu aliyeondoka kwa barua yake mwenyewe. Basi nikapiga hesabu: miaka 9 hadi nifike 55, laki moja na nusu kwa mwezi, ni milioni 16.2. Inabaki karibu milioni 6 ya shamba na nyumba. Kwenye karatasi ilikaa vizuri mno.

Kwa nini Liwale, huku mkoani Lindi? Sensa ya 2022 ilihesabu mkoa mzima wa Lindi watu wasiofika milioni 1.2, Dar, kale kaeneo kadogo, zaidi ya milioni 5.3. Nilitaka kimya, na ardhi ya bei ninayoimudu. Mimi ni mtu wa Muheza, huku sina mjomba wala shangazi. Hilo nililiona dogo.

Nikanunua ekari 12 kwa mzee mmoja, milioni 2.4 taslimu. Mkataba wetu uliandikwa kwenye karatasi mbili zilizochanwa katikati ya daftari la shule, bado zina matundu ya pini. Mzee akaweka dole gumba, mashahidi wawili wakasaini, tukala kuku. Mimi mhasibu niliyekuwa nikirudisha risiti isiyo na muhuri! Mwaka wa tatu wapwa zake wakarudi kutoka Masasi, wakasema ekari 8 ni za mama yao. Kwenye baraza la ardhi nikaulizwa swali moja tu: mkutano wa kijiji ulikupokea lini? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko wazi, mgeni anapitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, hapitii kwa mzee na kuku. Ekari 8 zikaenda, pamoja na mikorosho 60 niliyoipalilia kwa mikono hii, ndiyo kwanza inatoa maua. Mpaka leo nikienda dukani nazunguka njia ya mbali nisiione.

Tembo sitawaeleza sana. Walikuja usiku mmoja, asubuhi mahindi hakuna. Serikali ina kifuta jasho, na jina lake linajieleza: jasho linafutwa, gunia halirudi. Siku hizi nalima ufuta zaidi.

Lakini kilichonifundisha ni Machi 2021. Kidole tumbo. Saa nane usiku, mvua. Kiangazi bodaboda hadi hospitali ni 15,000. Usiku ule kijana alitaka 60,000, na sikumlaumu, maana mara mbili alishuka kusukuma pikipiki kwenye tope huku mimi nimejikunja pembeni kama kambale. Kadi ya CHF, ile bima ya afya ya jamii iliyokuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, ilinifaa nilipofika. Barabarani haina kazi.

Niliporudi nikafungua daftari langu la matumizi ya mwaka uliotangulia. Chakula: 640,000. Nauli, boda na kusafirisha mizigo: 1,380,000. Huku maisha ni rahisi kweli, mihogo unachimba, kuni unaokota. Pesa inaliwa na umbali. Betri ya sola ikifa, ni safari. Jino likiuma, ni safari. Msiba wa Muheza ni siku mbili njiani, na huko ndiko kaka yangu mkubwa aliposimama mbele ya wakwe akasema, "Huyu bwana kastaafu akaajiriwa na umaskini." Watu wakacheka. Nilikuwa nimekuja na kilo 20 za ufuta kama mchango. Nikaziacha jikoni, nikaondoka alfajiri bila kuaga.

Nawaambieni jamani, acheni kuhesabu sahani, hesabuni kilomita. Ardhi ipitie mkutano wa kijiji. Usilime ekari 12 mwaka wa kwanza, lima 2. Ardhi ipitie mkutano, narudia. Na mkeo akisema hataki, msikilize; wangu alikaa miezi saba akarudi Dar, sasa anakuja wakati wa mavuno ya ufuta, na kusema kweli tunaelewana kuliko tulipolala chumba kimoja Tabata. Kijijini si pa kukimbilia ili ukwepe deni au bosi. Anayekimbia atakimbia na huku pia, ila huku hakuna daladala.

Nyumba yangu ina vyumba viwili, bati 28, haina deni la mtu. Imebaki miaka miwili nifike 55.

Kijana wangu nimemjibu kwa swali: ukiugua usiku wa masika, nani atakubeba, na kwa shilingi ngapi? Hajajibu. Jumamosi nitapanda tena kichuguuni nitazame.